Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wa meza ya majaribio

Wanachama wenzangu, salamu kwenu nyote, wa zamani na nyie mliojiunga mwaka huu. Najua taarifa kama hii wengi huwa mnaipitia juu juu mkitafuta hesabu, ila safari hii naomba mniazime macho mpaka mwisho, sababu tumefanya jambo ambalo chama hiki hakijawahi kulifanya na nataka tulipitishe rasmi kabla hatujachagua kamati mpya.

Jambo lenyewe ni hili: kifaa chochote cha ulinzi anachobuni mwanachama, kiwe kitasa, kufuli, king'ora, kisoma kadi au geti la kujifungua lenyewe, kisiitwe salama mpaka wenzake wamekaa nacho mezani na kujaribu kukishinda. Huko nyuma tulikuwa tunakutana, mtu anaonyesha kazi yake, tunampigia makofi, picha mbili tatu, tunaondoka. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake hiki kinafunguka. Mwaka huu tukaweka meza, taa, vibanio viwili vya kushikia kitu kisicheze, na sheria moja tu kwamba anayeshinda kifaa lazima amweleze mwenyewe ameshindaje, mbele ya wote na bila dharau.

Kitu cha kwanza kukaa pale kilikuwa kitasa cha namba cha mwenzetu mmoja, na kwa kweli ilikuwa kazi safi, chuma kizito, mota haina kelele, betri zikiisha namba haipotei. Alikuwa amekitumia kwenye mlango wa stoo yake karibu mwaka mzima ndo akaking'oa kuja nacho. Namba ya siri ni ya tarakimu 4, yani michanganyiko 10,000, na ukikosea mara 5 kinakataa kila kitu kwa dakika 10. Wengi tuliona hapo hakuna pa kuingilia. Dada mmoja, mwanachama mpya, aliwasha tochi ya simu akailaza ubavuni ili mwanga upite sambamba na uso wa vitufe. Vitufe 6 bado vilikuwa na ule ukwaruukwaru wa kiwandani na vitufe 4 vilikuwa laini vinang'aa. Hapo hapo michanganyiko 10,000 imekuwa 24, na hata ukihesabu zile dakika 10 za kusubiri, 24 unaimaliza kabla saa haijaisha. Yeye aliipata kwenye jaribio la tisa. Mwenye kitasa alinyamaza kidogo alafu akauliza, "Sasa nifanyeje?" Lile swali ndo lililonifanya niiamini hii meza. Vikao viwili baadaye alirudi na kioo cha kugusa ambacho namba zinabadilishana nafasi kila ukikiwasha, kwahiyo hakuna sehemu inayochakaa kuliko nyingine na hata anayechungulia kwa mbali mkono wako haumwambii kitu.

Vingine nivipitie haraka. Kufuli moja ya umeme ilikuwa na kile kichuma kinachovutwa na koili, yani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku umeme ukipita, tukaweka sumaku kali kwa nje, kikavutika bila umeme wala kadi. Mlango mmoja uliletwa na kitasa kizuri sana ila bati la kwenye fremu limeshikwa na skrubu fupi kama kucha, teke moja fremu ikapasuka na kitasa kikabaki kizima kimening'inia. Mwingine bawaba zake zilikuwa nje na pini zake zinatoka kwa kugongwa. Haya si mageni kwa fundi yeyote hapa, lakini mnaona tunavyoendelea kuyarudia, kwasababu tunapenda kubuni kile kitu chenye ufunguo tunasahau mbao, ukuta na skrubu. Viwango vya Ulaya kwa milango, madirisha na vizuizi vya kuzuia uvunjaji, yani EN 1627, vina madaraja kuanzia RC1 mpaka RC6, na kinachopimwa ni kitu kizima pamoja na fremu yake, fundi anapewa seti ya vifaa na saa inawashwa. RC2 ni lazima kihimili dakika 3, RC3 dakika 5, RC4 dakika 10. Ndo lugha ninayotaka tuizoee. Tuache kusema "hakivunjiki", tuseme kinachukua dakika ngapi na kwa vifaa gani.

Sasa wapo waliokuja kuniambia pembeni kwamba mwenyekiti unawafundisha wezi. Hili nimelibeba moyoni mwaka mzima na nataka nilijibu kwa heshima, sababu waliosema ni wazee wangu kwenye fani. Joseph Bramah, fundi wa kufuli, alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya kitu alichobuni) ya kufuli yake Uingereza mwaka 1784, alafu kuanzia 1790 akaweka kufuli yenye vipande 18 vya kuteleza kwenye dirisha la duka London na tangazo kwamba atakayetengeneza kifaa cha kuichokonoa, yani kuifungua bila ufunguo wake, atalipwa gini 200, pesa ya Uingereza ya wakati ule. Ilikaa pale zaidi ya miaka 60, watu wakaamini haifunguki. Mwaka 1851, kwenye yale maonyesho makubwa ya London, akaja Mmarekani Alfred Charles Hobbs. Kwanza alifungua kufuli ya Chubb, ile ya 1818 ambayo ukiichokonoa vibaya inajikwamisha ili mwenyewe ajue imeguswa, akaifungua kwa dakika 25 hivi. Alafu akakaa na ya Bramah jumla ya saa 51 ndani ya siku 16, nayo ikafunguka. Watu walikasirika sana, magazeti yakalalamika, maneno yale yale tunayoambiana leo kwamba anawapa wezi elimu. Ila wale wezi wenye fani yao hawakumsubiri Hobbs. Waliokuwa hawajui ni wateja, wenye mabenki na wenye maduka, ndo waliokuwa wanalala usingizi juu ya kitu ambacho hawakukijua. Na ndani ya miaka michache tu baada ya hapo Linus Yale mdogo, aliyeitwa jina moja na baba yake, akaiboresha kufuli ya pini aliyoianzisha baba huyo, mwaka 1861 na tena 1865, tukapata silinda ndogo yenye ufunguo bapa ambayo mpaka leo iko kwenye milango dunia nzima.

Na haikuishia huko. Mwaka 2003 mtafiti Matt Blaze alionyesha kwamba kwenye jengo lenye ufunguo mkuu, yani ule mmoja unaofungua milango yote, mtu mwenye ufunguo wa kawaida wa mlango mmoja tu, akiwa na funguo chache tupu na tupa, anaweza kukisia meno ya ufunguo mkuu hatua kwa hatua mpaka aupate. Baadhi ya mafundi wakamjia juu, na hoja yao ilikuwa kwamba jambo hilo lilishajulikana siku nyingi ndani ya fani. Hebu lisome hilo tena taratibu. Kama sisi tulijua, na wezi walijua, nani alikuwa anafichwa? Ni mwenye jengo, yule aliyetulipa. Auguste Kerckhoffs alishaandika mwaka 1883, akizungumzia maandishi ya siri ya jeshi, kwamba mfumo mzuri ni ule ambao hata adui akiujua wote bado unasimama maadamu ufunguo haujamfikia. Kwenye vitasa ni vile vile.

Lakini kuna upande mmoja waliolalamika walikuwa na haki kabisa, nao ni hataza. Mwanachama mmoja alitaka kuleta geti lake mezani kabla hajaomba hataza, akazuiliwa na mwenzake mlangoni, na nashukuru alizuiliwa. Marekani mvumbuzi ana mwaka 1 wa kuomba baada ya yeye mwenyewe kukitangaza kitu chake, lakini Ulaya na nchi nyingi ukishakionyesha hadharani kabla ya kuomba basi kimeshakuwa si kipya na haki umeipoteza, ile miaka 20 ya ulinzi inaota mbawa kwa sababu ya kikao kimoja. Kwahiyo kamati imeandika utaratibu. Kifaa ambacho hakijaombewa hataza kinajaribiwa chumba cha ndani na watu wasiozidi wanne waliosaini karatasi ya kutunza siri. Kikishaombewa kinakuja meza kubwa. Na kasoro ikionekana kwenye bidhaa ambayo tayari iko mitaani, mtengenezaji anaandikiwa na kupewa siku 90 arekebishe kabla wanachama wote hatujaambiwa.

Utaratibu huo wa siku 90 umeshatuumiza mara moja. Tuliandikia kampuni moja, jina lake nalihifadhi, kwamba kisoma kadi chao kinapokea kadi yoyote iliyonakiliwa, tukaambatanisha video. Majibu yao yalikuwa kwamba kadi zao ni za siri na tusiziguseguse. Niwaeleze wanachama wapya kwanini hilo jibu halitoshi: kadi za zamani za masafa ya kilohezi 125 ukizisogeza tu karibu na kisomeo zinataja namba yao waziwazi, hakuna swali hakuna jibu, kwahiyo kifaa kidogo cha mkononi kikisikia ile namba kinaweza kuirudia. Hata zile zilizofuata zenye usimbaji, yani zinazoificha namba kwa hesabu za siri, si zote zilipona. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, walionyesha jinsi usimbaji wa kadi aina ya MIFARE Classic ulivyovunjika, wakapelekwa mahakamani ili wasichapishe, na hakimu akakataa kuwazuia. Siku 90 zetu zilipita bila barua ya pili, sasa wanachama mmeshajua, na yeyote aliyefunga vile visomeo kwa wateja naomba awafuate mmoja mmoja awaeleze. Najua inauma kumrudia mteja kumwambia nilichokufungia hakifai. Nimelifanya mwaka huu kwa wateja wangu watatu. Mmoja alinifukuza, wawili tumebadilisha.

Nimebakiza lililo zito kuliko yote. Mwenzetu alifunga mlango wenye kadi ndani na nje, komeo la umeme, na akauweka kwamba umeme ukikatika komeo libaki limefungwa ili wezi wasitumie giza. Umeme ukakatika, betri ya akiba ilikuwa imekufa siku nyingi bila mtu kujua, na watu waliokuwa kazini wakabaki ndani wakiita mpaka mlinzi akavunja kioo cha pembeni. Hakuna aliyeumia. Lakini mimi nilienda pale siku ya pili, nikaona kwenye ule mlango alama za viganja kwa ndani, nyingi, zimebaki kwenye rangi usawa wa kifua, sijazisahau.

Sisi watu wa kuzuia wizi tuna hatari hii peke yetu. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle kule New York kiliungua wakafa watu 146, wengi wasichana wa kushona, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo ili wafanyakazi wasitoke na vitambaa. Kitasa kile kilifanya kazi yake. Miaka ya nyuma kule Sunderland, Uingereza, mwaka 1883, watoto 183 walibanana wakafa kwenye mlango wa ngazi za ukumbi wa Victoria uliokuwa umefungwa na komeo ukiacha upenyo wa mtoto mmoja tu, na baada ya hapo Robert Alexander Briggs akabuni komeo la kusukuma kwa mwili, hataza yake ya 1892, ambalo kwa nje limefungwa na kwa ndani unalisukuma tu kwa kifua linaachia. Kwangu mimi huo ni uvumbuzi mkubwa kuliko kufuli nyingi tunazozisifia. Kwahiyo kamati inapendekeza, na hapa naomba kura zenu, kwamba meza isipokee kifaa chochote cha mlango wanaopita watu kama hakifunguki kutoka ndani kwa mkono mmoja, gizani, bila kadi, bila namba, bila umeme.

Hesabu atazisoma mwekahazina, nisimwingilie, niseme tu hela ya meza na vibanio ilitoka kwenye ada zenu na hatujakopa. Wanachama wanawake wameongezeka na naomba tuache ile tabia ya kumuuliza dada aliyeleta kifaa kama kaka yake ndo kakitengeneza. Mfumo wa kamera na televisheni ya nyumbani, wenye kufungua mlango kwa mbali na kitufe cha kuita msaada, uliombewa hataza mwaka 1966 na Marie Van Brittan Brown, nesi wa New York, akiwa na mume wake Albert, sababu zamu zake zilikuwa za ajabu ajabu, alikuwa peke yake usiku na polisi walichelewa kufika. Hataza ilitoka 1969. Alianza na woga wake mwenyewe mlangoni pake.

Kikao kijacho meza itafunguliwa asubuhi, kura zitapigwa baada ya chakula. Tayari wameandikisha vifaa watu watano, wawili kati yao wa chumba cha ndani. Anayeleta mlango mzima na sio kitasa peke yake anitaarifu wiki moja kabla na anipe vipimo, tumtengenezee fremu ya kuufungia, na skrubu zake aje nazo zile zile anazofungia kwa mteja.