Sisi wakalimani njo tunaua ridhaa ya Batwa

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya yule msomaji wa mtaa wa Nguba, hapa Bukavu, Kongo, aliyesema wazungu njo wanachafua utafiti kwa Batwa, watu wa asili wa msitu wa huku kwetu, wanakuja, wanapiga picha, wanaenda zao. Amesema kweli, lakini nusu. Kwenye ile hadithi yake amesahau mtu mmoja, na huyo mtu ni mimi.

Mimi ni enketeri. Kwa wale hawajui, enketeri ni yule kijana wa Bukavu anayepanda pikipiki na begi la karatasi mgongoni, anaenda kuuliza watu maswali ya mtu mwingine na kumtafsiria, halafu jioni anahesabu amejaza fishi ngapi, yaani karatasi za majibu. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, Kabare, Kalehe, mpaka Bunyakiri, na karibu kila profesa na kila ONG (shirika lisilo la serikali) iliyonichukua ilitaka Batwa wa pembeni ya parke ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya wanyama. Masomo nayo yana fasheni yake, bwana, na Batwa hawatoki kwenye fasheni.

Nitasema kitu nilichokifanya mwenyewe mwaka 2019, kijiji kimoja upande wa Kabare, jina naliacha. Mama mmoja wa Kitwa alikuwa anafinyanga nyungu mbele ya nyumba yake, udongo mpaka kwenye viwiko. Mgeni niliyekuja naye akanipa karatasi ya ridhaa, kurasa mbili za Kifaransa: utafiti ni wa nini, nani analipa, kwamba mama anaweza kukataa na hatapoteza kitu, anaweza kuacha katikati, sauti yake itawekwa kwenye inivasite (chuo kikuu) ya huko Ulaya miaka 10, na mwisho namba ya kupiga kama ana malalamiko, namba ya Ulaya jamani, na mama hana hata simu. Zile kurasa mbili mimi nilizitafsiri hivi: "Mama, huyu mugeni anapenda kuzungumuza na weye, unakubali?" Mama akauliza, "Sabuni iko?" Nikasema iko. Akachovya kidole gumba kwenye wino akabonyeza, lakini udongo ulikuwa umejaa kwenye mistari ya kidole, ikatoka doa tu, basi tukamwambia anawe mikono arudie, kwa sababu mgeni alisema komite ya maadili ya kwao haitakubali alama ya namna hiyo. Ya pili ilitoka safi kabisa.

Kwa nini nilifupisha? Kwa sababu nilikuwa nalipwa kwa fishi, si kwa siku. Kueleza zile kurasa vizuri, kwa Mashi, lugha ya sisi Bashi wa huku, na kungoja mtu afikiri na aulize, ni karibu saa nzima, na mimi nilikuwa na watu 12 wa kumaliza kabla mvua haijanyesha na motari, dereva wa pikipiki, hajapandisha bei. Na tena, niseme ukweli, niliona kwamba hataelewa. Ile dharau sikuipata Ulaya, nimekua nayo hapa hapa, sisi Bashi tunajua vile tunawaongelea Batwa kama hawapo.

Halafu kuna mambo ya shefu, yaani chifu. Ruhusa tuliichukua kwake, na shefu mwenyewe si Mtwa, alipewa pesa ya kinywaji akatoa mtu wa kutuongoza, na mtu akiletwa mbele yako na mjumbe wa shefu utamkatalia na nini? Fikiria na vile hawa watu walifika pale walipo. Parke iliundwa mwaka 1970, mwaka 1975 ikapanuliwa sana, Batwa wakatolewa kwenye msitu wao bila kulipwa, na ni juzi tu mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitoka kwamba serikali yetu iliwavunjia haki. Sasa mtu ambaye maisha yake yote kila anayekuja na jeep na karatasi alikuja kumtoa au kumhesabu, ukimwambia "uko huru kukataa", hilo neno ataliamini kutoka wapi?

Mwaka 2021 nilirudi kijiji kile kile na mradi mwingine, mabosi wengine, maswali karibu yale yale. Yule mama akanitambua. Akaniambia: "Munakuyaka, munaandikaka, munaendaka. Ile karatasi niliwekaka kidole, ilisemaka nini?" Mhariri, nilikosa jibu, na si aibu tu, ni kwa sababu hata mimi sikuwa nimeisoma mpaka mwisho.

Nikaanza kusoma mambo haya usiku kwenye simu, nikakuta hatuko peke yetu. Kule Marekani kuna watu wanaitwa Havasupai, wanakaa chini kabisa ndani ya bonde la Grand Canyon, ugonjwa wa sukari uliwaumiza sana. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa inivasite ya jimbo la Arizona walichukua damu yao. Kwa mdomo waliambiwa ni juu ya sukari, lakini karatasi waliyosaini ilikuwa na maneno mapana, ya magonjwa ya mwili na ya tabia, na wengi wao Kiingereza hakikuwa lugha yao ya nyumbani. Damu ikaenda kutumika kwa mambo ya ugonjwa wa akili na asili ya kabila lao, wametoka wapi duniani, wakati wao wana masimulizi yao matakatifu juu ya hilo. Walikuja kujua mwaka 2003, mwanamke wao mmoja alipoenda kusikiliza mwanafunzi akitetea kazi yake ya udaktari. Mwaka 2010 inivasite ilikubali kulipa dola 700.000 kwa watu 41 na kurudisha damu. Mdomo ulisema kitu kimoja, karatasi kingine. Mimi hiyo naijua vizuri sana, tofauti ni kwamba sikuchukua damu.

Na Wasan, watu wa asili wa Afrika Kusini, mwaka 2017 waliandika kanuni zao wenyewe kwa mtafiti yeyote anayetaka kuja kwao. Wanataka lugha iwe wazi, isiwe ya kiprofesa, na jambo gumu lielezwe sawasawa, mtu asijiamulie tu kwamba Wasan hawawezi kuelewa. Hapo nilifunga simu nikalala.

Huku kwetu sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za watu wa asili Pygmées, Batwa wakiwemo, ipo, na Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 linataka watu waulizwe kabla, wakiwa wamejulishwa na bila kulazimishwa. Sawa. Lakini haya yote yanapita kwenye mdomo wa kijana anayelipwa kwa fishi. Kwa hiyo naomba wakubwa wa inivasite zetu za Bukavu, na nyie wenye ONG: mtulipe kwa siku. Ridhaa isomwe kwa Mashi au Kihavu, lugha za huku, mbele ya watu wote, siku 2 au 3 kabla, bila sabuni kuwa mezani, halafu tuondoke tuwaache wazungumze wao kwa wao. Tafsiri iandikwe na Mtwa aliyesoma, wapo, msituambie hawapo. Na ripoti ikitoka, bajeti iwe na pesa ya kurudi kuisoma pale pale ilipochukuliwa, hata kama inasema mambo ya kuwaudhi.

Mwezi jana nilimwandikia yule mgeni wa 2019, nikamwomba kopi ya karatasi ya mama ili nimpelekee nimsomee yote, neno kwa neno. Alijibu haraka, na kwa heshima. Alisema haiwezekani, fishi zote zimefungwa kwenye arshive, na hawezi kunipa kwa sababu wanalinda siri ya mama.

Enketeri,
Kadutu, Bukavu