Barua kwa wifi yangu aliyeko Maskati: mtoto ana mwenyewe

Wifi, assalamu alaykum.

Voisi zako nimezisikiliza zote, mpaka ile ya alfajiri uliyolia maneno yakawa hayasikiki. Nlianza kukujibu kwa voisi nkajiona narikodi nafuta, narikodi nafuta, basi nakuandikia hapa. Utauliza kwa nini hapa mbele za watu na si kule kwetu wawili. Soma tu, utajua mbele huko.

Kwanza mwanao. Kwa ulivonieleza kagonga mdomo kwenye ukingo wa kochi, fizi imetoka damu, jino la mbele la juu linacheza kidogo lakini liko pale pale, akifunga mdomo meno yanakutana, hakuzimia wala hakutapika. Basi tulia, bibi wee. Damu ya mdomoni inatisha kuliko jeraha lenyewe, mdomo una mishipa mingi na ile damu inachanganyika na mate mtu anadhani mtoto anamalizika. Mpeleke tu kwa daktari wa meno akamuone hata kama unaona hana neno, mzizi uko ndani ya fizi, weye na mie hatuuoni. Chukua na kadi yake ya chanjo maana wataulizia pepopunda, mie nliulizwa wangu alipoanguka, naye alikuwa kashamaliza sindano zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, nkashukuru Mungu kuwa hilo walau hakuna wa kunisimanga nalo.

Chakula kiwe laini wiki hii, uji, ndizi mbivu, mbatata za kuponda, bokoboko ukiweza kupika huko. Mswaki usiache. Atalia, atakupiga mateke, mpige mswaki laini hivo hivo taratibu, uchafu ukikaa pale fizi haiponi. Ukipewa dawa ya kusukutulia mpake kwa pamba, yeye hajui kusukutua ataimeza. Na chupa ya maziwa jitahidi umpunguzie, kila akinyonya analivuta jino lile lile.

Mafuta ya karafuu USIMTIE. Najua mama kashakwambia, na najua kile kichupa cha Pemba tulichokutilia sandukuni unacho. Sie watu wa karafuu tunaona karafuu haina madhara kwa mtu, lakini mafuta yale ni makali yanaunguza fizi ya mtoto mdogo na akiyameza ni hatari. Akiumwa mpe paracetamol ya maji kwa kipimo cha kilo zake, aspirini usiiguse. Na ikitokea likang'oka lote usilirudishe, jino la utotoni halirudishwi, juu yake ndani ya fizi kuna la ukubwani linatengenezeka na utaliumiza. La mtu mkubwa ndilo linalorudishwa, unalishika kichwani si mzizini, unalitia kwenye maziwa na mbio hospitali. Unamkumbuka shangazi siku ile alivokuwa akipiga kelele lirudisheni, lirudisheni? Jino lenyewe lilikuwa halijatoka!

Haya. Tushafika siku ile.

Wifi, mie nlikuwa nakata vitunguu vya pilau ya harusi yako. Yako, si ya mtu mwengine. Tangu asubuhi nko uani pale Mwembetanga nimeinama, wenzangu wanamenya thomu, maji yamemwagika sakafuni kwa kuosha mchele, na watoto wa ukoo mzima wanakimbizana katikati yetu. Mwanangu alikuwa ndo kwanza anaanza kukimbia, ule mwendo wa kutanguliza kichwa miguu inafuata. Nlimuona. Hilo ndo watu hawalijui, nlimuona anateleza, alikuwa mbali na mkono wangu kama kutoka mlangoni kwenu hadi kitandani, akaangukia mdomo kwenye mdomo wa kinu. Mkono nkaunyoosha na kisu kiko ndani yake nkakumbuka nina kisu nkakitupa, na hapo ndo nlipochelewa kama nlichelewa.

Weye ulikuwa umekaa chumbani mlango wazi, hina mbichi mikononi na miguuni, umezungukwa na shoga zako na wale wageni wa upande wa mume waliokuja kukuangalia. Ukainua shingo ukaona damu kwenye kikanzu chake cheupe, ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani: "Kwani huyu mtoto hana mwenyewe?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini wakacheka. Mie nimembeba mtoto damu inanitiririka kifuani na mikono yangu inanuka vitunguu kwa ajili yako, nkakutazama, nawe ukarudi kuangalia hina yako isiharibike. Na nlinyamaza kwa sababu bi harusi hajibiwi. Nlikwenda hospitali na daladala, nkarudi, nkamalizia pilau, usiku nkakupigia vigelegele. Uliza mtu yeyote kama sikupiga.

Tangu hapo hatukuwahi kulizungumza, ukaondoka Maskati ukalia kifuani kwangu uwanja wa ndege, na mie nkalia kweli, nakupenda wifi, weye ndo ulonifundisha nyumba yenu inavokaa, nani hanywi chai ya maziwa na nani haambiwi habari kabla ya mwenziwe. Lakini lile neno lilibaki. Daktari aliniambia jino limetikisika tu halikuhama, litashika lenyewe, na lilishika. Mie ndo sikushika. Usiku nkimuweka kulala namtia kidole mdomoni kulipima kama linacheza, mpaka mume wangu akaniambia utalilegeza weye kwa kulipima. Halafu wiki kadhaa mbele likaanza kugeuka kijivu. Mungu wangu. Picha za Idd mwaka ule nlimpiga amefunga mdomo zote, tazama mwenyewe zipo, watu walidhani kanuna.

Kila aliyemuona akatoa hukumu yake. Mng'oeni hilo bovu, litaambukiza mengine, hilo la chini litaota kombo, mwangalie mama mtu. Nkarudi kwa daktari akanieleza polepole kuwa ile rangi ni damu iliyovilia ndani ya jino, mara nyengine inapungua yenyewe, mara nyengine inabaki, na rangi peke yake si sababu ya kung'oa. Cha kuangalia ni fizi kuvimba, kijipu juu ya jino, usaha, homa, au jino kuzidi kulegea badala ya kukaza, ukiona kimojawapo unarudi siku hiyo hiyo. Basi na weye ukiliona la mwanao linageuka rangi usipige simu unalia saa nane za usiku, angalia fizi kwanza. La wangu sasa hivi limekuwa kama la manjano hivi, anatafunia miwa, anasoma juzuu chuoni, na akifika miaka 6 au 7 litang'oka kama yanavong'oka ya wenziwe na hapana atakayejua habari zake. Meno yenyewe ya utotoni ni 20 tu na yote ni ya kupita.

Sasa unaniambia mumeo kaingia ndani na neno lake la kwanza lilikuwa "ulikuwa wapi?" Na mamkwe wako kasema yeye kalea saba hapana aliyevunjika hata kucha. Na unaniuliza mie, wifi, hivi mie ni mama mbaya?

Nlipoisikia hiyo sehemu nliizima simu nkaenda kufua. Wallahi nlikwenda kufua.

Si mama mbaya. Mtoto wa umri ule kichwa kizito, mikono hajajua kuitanguliza, akienda chini unakwenda uso, ndo maana meno ya mbele ya juu ndo yanayogongwa siku zote. Hata ungekuwa umemshika mkono angeponyoka. Ulikuwa wapi? Ulikuwa jikoni unampikia yeye aliyekuuliza, kama mie nlivokuwa nampikia aliyeniuliza. Mwambie hivo. Mie sikusema na nakwambia kunyamaza hakusaidii, mtu ukimnyamazia anadhani umekubali, na mie sikukubali hata siku moja, nlikuwa macho, nlikuwa hapo hapo, sikuwa kwenye simu kama mlivokuja kusema baadae, simu yangu siku ile ilikuwa kwa mama inapigwa na wapishi wa maandazi. Muulizeni.

Na wenginewe mnaosoma hapa msije mkajaza maneno kumtukana wifi yangu, namjua mie, mie ndo nnaemsema. Wakati ule alikuwa hajazaa, na mtu hajazaa anaona kulea mtoto ni kumvisha na kumpiga picha. Namwambia kwa sababu lile neno alilisema mbele za watu, na kwangu mie neno la mbele za watu halijibiwi chooni.

Kwa hiyo wifi sitaki samahani ya voisi. Wala usinitumie udi wala ile mitandio, nlonayo inatosha. Mama yupo, shangazi yupo, wale wamenya thomu wote wapo Mwembetanga, hapana aliyehama. Ukija likizo unajua la kufanya na unajua pa kulifanyia. Usipofanya pia mwanao ntamuogesha na ntamlisha kama kawaida, lakini utakuwa unajua.

Mumeo nishamuandikia, nimemwambia kwa adabu zote kuwa swali lake akamuulize kochi.

Picha ya fizi nitumie mchana dirishani, mwinue mdomo wa juu kwa kidole, zile za taa ya usiku kila kitu kinaonekana cheusi mtu anashtuka bure. Na daktari akishamuona nambie kasemaje, saa yoyote, nitapokea.