Mwamko tunao, siki ndiyo haipo

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari yenu ya wiki iliyopita, yenye picha ya mgeni rasmi akikata utepe, imenishinda. Eti wanawake wa vijijini hawaendi kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa kuwa "hawana mwamko". Mlimuuliza mwanamke gani? Au mlikula pilau mkarudi mjini?

Mwezi Machi nilimsindikiza wifi yangu, ana miaka 38. Alisikia redioni kwamba wenye miaka 30 hadi 50 wakapime hata kama hawaumwi. Tukatoka alfajiri, mishikaki kwenye pikipiki, shilingi 8,000 kwenda tu. Tumekaa kwenye benchi la kituo hadi saa saba mchana, ndipo muuguzi, binti mstaarabu wala simlaumu, akatoka kusema siki imekwisha. Siki, Mhariri! Kipimo chenyewe ndicho hicho: wanapaka siki, wanasubiri dakika moja, panapogeuka peupe ndipo pana shida. Tukarudi baada ya wiki tatu. Siki ipo, umeme umekatika. Nikashika tochi ya simu yangu huku nimegeuza uso ukutani, maana huyu ni wifi yangu na haya ninazo, na pazia lenyewe ni kanga iliyotundikwa kwenye misumari miwili, mtu akipita nje inapepea. Akaonekana na weupe. Redioni walisema unapimwa na kutibiwa siku hiyohiyo. Sisi tukaambiwa kifaa cha kuchomea hapo palipogeuka peupe kiko wilayani. Nauli ya wilayani ikasubiri alizeti iuzwe, akaenda Juni. Ametibiwa, namshukuru Mungu. Ila siku ile ya kwanza tulikuwa wanawake 11 kwenye benchi lile. Siku ya pili sikumwona hata mmoja wa wale wengine. Hao sasa ndio wasio na mwamko wenu. Mtakutana nao Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na huu ni ugonjwa unaochukua miaka 10 na zaidi kukomaa!

Na chanjo ya kukinga saratani hii je? Mwaka 2018 ilipoanza nchi nzima kwa mabinti wa miaka 14, wazazi walinijia shuleni wakiuliza kama inafunga uzazi. Mimi nafundisha Jiografia. Hakuna aliyekuja kukaa na wazazi hata nusu saa. Tuliletewa orodha ya majina ya kujaza. Sasa wanapewa dozi moja tu, kuanzia miaka 9, jambo jema kabisa, lakini uvumi ni uleule na wa kuujibu ni mwalimu yuleyule. Fulana za kampeni, hizo hazikosekani. Mjukuu wangu anayo, anachungia mbuzi.

Mnada wetu ni kila Jumatano na wanawake wote wanakuja. Lete hema moja, likae upande wa wauza vitunguu, sio upande wa mbuzi waliko wanaume. Turubai zito lenye zipu, taa ya sola, siki lita 5, na hicho kifaa cha kuchomea kije siku hiyohiyo. Mgeni rasmi naye akitaka kuja, apande pikipiki kama sisi. Nitamlipia hiyo 8,000 ya kuja. Ya kurudi ajilipie.

Mwalimu mstaafu,
Singida