Barua kwa mpwa wangu wakili: mwenye kesi asikae nje ya kesi yake

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zangu mimi mjomba wako, na za mama yako, ambaye tangu Ijumaa hajamaliza kuwasimulia majirani. Nakuandikia hadharani bila kukutaja jina kwa sababu nina neno ambalo ningependa na wenzako wa kazi hiyo walisikie, hasa wanaoianza sasa.

Ijumaa ile ya kukukaribisha katika kundi la mawakili ulilojiunga nalo, mlitupokea vizuri. Nilikaa nyuma, karibu na birika la chai, nikatazama. Ofisi yako ilikuwa bado inanuka rangi. Kibao cha jina lako kilibandikwa jioni ileile, na mama yako alipopita mlangoni alikigusa kwa ncha ya kidole, herufi moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Joho lako lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni vimekunjwa juu ya meza. Mkuu wa kundi lenu aliposema kwamba sasa wamepata wakili wa sheria ya umma na sheria ya kimataifa, mama yako alipiga vigelegele kabla mzee wa watu hajafika mwisho wa sentensi. Niliwaona baadhi yenu mkitazamana. Msimlaumu. Aliuza nyanya ili usome, na siku hiyo ilikuwa yake pia.

Tulipopanda matatu kurudi mjini akaniuliza, "Sasa hiyo sheria ya umma ni ipi? Zile nyingine si za umma?"

Ni swali zuri kuliko linavyosikika. Nikamwambia: mtu akikukopa pesa akakataa kulipa, hiyo ni kesi yako na yeye. Lakini afisa wa serikali akikufungia kibanda bila kukupa sababu, hapo unayemshtaki ni mwenye mamlaka, na unachomuuliza ni nani aliyempa uwezo huo na kama aliutumia kihalali. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuandikiwa sababu. Mtoto wako kazi yake ni kumfanya mwenye mamlaka ajibu.

Gari lilikuwa limekwama kwenye foleni kando ya bustani ya Uhuru Park, hapa Nairobi, nami nikaona mfano uko dirishani. Hapo, mwaka 1989, palikusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akaenda Mahakama Kuu kulizuia. Kesi ikatupwa. Mahakama haikupima kama jumba lile lilifaa au halikufaa. Ilisema yeye hakuwa na haki ya kushtaki, maana hakuonyesha kwamba angeumia zaidi ya mwananchi mwingine yeyote. Jumba halikujengwa, lakini lililolizuia ni kelele za watu na wafadhili kujiondoa. Nilipoanza ukarani mahakamani mwaka 1994 mlango ulikuwa bado umefungwa hivyo. Nimepokea mafaili mengi ya watu wenye malalamiko ya kweli, yakarudi na jibu lilelile: wewe ni nani hata ushtaki?

Kisha tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani hiyohiyo, Katiba mpya ikatangazwa. Kifungu cha 22 kinasema kila mtu anaweza kwenda mahakamani haki ikivunjwa, kwa niaba yake, kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, au kwa manufaa ya umma. Na halipishwi ada ya kufungua kesi hiyo. Kanuni zilizotungwa mwaka 2013, zile tunazoziita Kanuni za Mutunga kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo, zinaruhusu mahakama ipokee hata barua ya kawaida, hata maneno ya mdomo. Mama yako aliniuliza, "Hata mimi?" Hata wewe, nikamwambia. Akanyamaza mpaka tukashuka.

Hilo la sheria ya kimataifa lilinishinda kumweleza garini, ndipo nilipoanza kuipanga barua hii kichwani. Wengi hudhani ni mambo ya Hague na Geneva, suti na ndege. Lakini kifungu cha 2 cha Katiba yetu, ibara ya 5 na ya 6, kimezileta hapa nyumbani kanuni za jumla za sheria ya kimataifa, pamoja na kila mkataba ambao Kenya imeuridhia. Januari 2024 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilizuia polisi wetu kupelekwa Haiti kwa sababu hapakuwa na makubaliano baina ya nchi hizi mbili kama sheria yetu inavyotaka. Machi serikali ikatia sahihi makubaliano, Juni polisi wakaondoka. Jambo la mataifa mawili, lakini faili lake lilianzia katika masijala ileile ambako mama mboga hufungua kesi ya kibanda chake.

Mfano ninaoupenda zaidi, na unaoniuma zaidi, ni wa kijiji cha Mitumba, pale karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Wewe uliusoma chuoni. Mimi nilikuwa naufuata nikiwa karani, faili likipanda na kushuka. Septemba 2011 wakazi walipewa notisi ya siku saba wahame. Wakaenda mahakamani kupitia chama chao cha Mitu-Bell, wakapata amri ya kuzuia wasiguswe. Novemba mwaka huohuo nyumba zikabomolewa, amri ipo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikawapa haki, mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema kwamba haki ya makazi iliyo katika kifungu cha 43 inaweza kumlinda hata anayeishi kwenye ardhi ya umma asiye na hati yake, na kwamba jaji ana uwezo wa kutoa amri na kuendelea kusimamia jinsi inavyotekelezwa. Ile miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuhamishwa kwa watu, ambayo Mahakama ya Rufaa ilimkosoa jaji kwa kuitumia, Mahakama ya Juu ilisema haina nguvu ya sheria lakini inasaidia kuieleza haki hiyo. Kwa mawakili ule ulikuwa ushindi mkubwa, na ninyi mtaunukuu mpaka mstaafu. Faili likarudishwa Mahakama Kuu ili ikaamue wapewe nini. Hesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa wiki ya ule ubomoaji alikuwa darasani anajua kusoma na kuandika.

Waogiek wa msitu wa Mau ni vivyo hivyo. Notisi ya kuwatoa ilikuja Oktoba 2009; Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, ikatoa hukumu tarehe 26 Mei 2017, na fidia ikaamuliwa Juni 2022: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa maumivu. Upande wa pili kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha pia, ambayo humpa mwananchi miezi miwili tu ya kulalamika tangu jambo litendeke au tangu alijue. Miezi miwili! Mteja akichelewa kuelewa kilichompata, mlango umefungwa.

Na hapo kwenye kuelewa ndipo nilipotaka kufika.

Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 198, inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kiswahili kinatajwa kwa mahakama za chini. Ile ya kesi za madai inasema hivyohivyo. Mshtakiwa wa jinai asiyejua lugha ana haki ya mkalimani bila malipo, na kwa miaka 26 mkalimani huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Kesi zenu za kikatiba ni tofauti. Zinaendeshwa kwa hati za kiapo na hoja za maandishi. Mara nyingi hakuna anayepanda kizimbani, kwa hiyo hakuna anayemwita karani atafsiri. Mwenye kesi anaweza kumaliza miaka mitatu bila kufungua mdomo.

Kuna siku sijaisahau. Nilikuwa nimepeleka faili jingine katika chumba cha mahakama ambacho sitakitaja, nikakuta uamuzi unasomwa. Kwenye benchi la tatu alikaa mama mmoja mwenye umri wa nyanya yako, kanga imefungwa juu ya sweta, mapajani ana mfuko wa plastiki ulio na ile notisi ya kuhama, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Alikuwa mlalamishi wa kwanza. Jina lake ndilo lililoandikwa juu ya faili. Jaji alisoma kama dakika arobaini, kwa Kiingereza. Mama alikuwa akimtazama kila anayesimama, na kila wakili alipoinama kumwinamia jaji, naye aliinamisha kichwa. Kisha watu wakatoka. Wakili wake alitoka akiongea na simu. Mama akanishika mkono wa shati akaniuliza, "Yule aliyesema mwisho, alikuwa wa upande wetu?"

Walikuwa wameshinda, mpwa wangu. Walikuwa wamepewa amri kwamba pasiguswe kitu hadi kesi isikizwe. Nami nilijua, nilikuwa nimesikia kila neno. Lakini ilikuwa saa saba kasoro, nilikuwa na mafaili mkononi, nikamwambia, "Wakili wenu atawaeleza." Nikaenda.

Siku chache baadaye nilisikia kutoka kwa mwenzangu kwamba matrekta yalifika kabla ya mapambazuko na kwamba pale kijijini hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye nakala ya ile amri. Nakala ilikuwa mjini, ofisini. Najua karatasi peke yake haisimamishi trekta, Mitumba ilituonyesha. Lakini mtu aliyeshika karatasi na anayejua imesema nini huongea tofauti na polisi aliyesimama mbele yake. Huita jirani, huita mwandishi wa habari. Hujua kwamba anayevunja sheria si yeye. Yule mama alinyimwa hata hilo, na mmoja wa waliomnyima ni mimi.

Ndiyo maana, nilipomsikia mkuu wenu akieleza jinsi kundi lenu linavyofanya kazi, nilifurahi na nikaogopa kidogo. Huko Uingereza mawakili wamegawanyika: kuna wanaokaa na mteja ofisini, na kuna wanaosimama mbele ya jaji. Hawa wa mahakamani hujikusanya katika makundi, kila mmoja akijitafutia riziki yake, wakichangia kodi na makarani. Mteja wa kawaida mara nyingi huwafikia kupitia yule wa ofisini. Kwetu hakuna ukuta huo. Ulipokula kiapo mbele ya Jaji Mkuu na kutia sahihi katika daftari la mawakili, ulikuwa wakili wa Mahakama Kuu kwa yote mawili. Wewe ndiwe unayempokea mteja na wewe ndiwe unayemsemea. Kundi lenu limechukua kilicho kizuri cha mtindo wa wenzetu, kushauriana na kugawana kazi, na ninawaunga mkono. Ila msigawane kazi mpaka ile ya kumweleza mteja ikakosa mwenyewe.

Kabla hajatia sahihi hati ya kiapo, msomee kwa lugha yake, kisha mwambie akusimulie yeye. Akikusimulia tofauti na ulivyoandika, rekebisha karatasi, usimrekebishe yeye. Siku ya uamuzi, kabla ya kuiwasha simu, keti naye kwenye lile benchi dakika tano. Mpe ukurasa mmoja wa Kiswahili: mahakama imesema nini, haijasema nini, tarehe ijayo ni lini, akitokea mtu na trekta apige namba gani. Kesi ikienda Arusha, mwambie mapema kwamba inaweza kuchukua miaka, aamue akijua. Baadhi ya wenzako watasema huko ni kupoteza saa za kazi. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi, hizo hoja za maandishi zinafuata.

Nina daftari, lile la jalada jekundu uliloliona ukiwa mdogo ukadhani ni la madeni. Ndani nilikuwa naandika jinsi ya kusema maneno ya mahakama mpaka mtu wa kawaida ayashike. Ile amri ya muda niliiandika kwanza "amri ya kuhifadhi", watu wakaniuliza, kuhifadhi nini? Nikaifuta, nikaandika: "Mahakama imesema pasiguswe kitu mpaka isikize pande zote." Kesi iliyotupwa kwa kukosea utaratibu niliiandika: "Hawajasema huna haki, wamesema umeingia kwa mlango usio wake." Faili kurudishwa mahakama ya chini sijaridhika nalo mpaka leo. Nilijaribu mara nne, zote nimezikata. Nilistaafu mwaka 2020, wakati mafaili ya Nairobi yalipohamia mtandaoni, nikiwa bado sijalipata.

Jumamosi nitapita ofisini kwenu saa nne na daftari hilo, nikuachie. Mwambie mlinzi wa getini aandike jina langu kwenye kitabu cha wageni, na mama yako anasema atakuja pia, ana swali moja kuhusu soko lao na notisi waliyobandikiwa wiki iliyopita.

Mjomba wako