Mashine ya boti inakata njiani? Bonyeza pampu kabla hujashika spana

Mara nyingi mashine hufika karakanani kwetu mabegani mwa watu wawili, imefungwa kamba, ingali inachuruza maji ya chumvi. Nahodha anaitua, anafuta jasho, kisha anasema: "Fundi, hii imekufa. Inawaka, inakwenda kidogo, halafu inakata." Tunaifunga kwenye kistendi, mguu tunautumbukiza ndani ya pipa la maji, tunachomeka paipu ya tangi letu na kuvuta kamba mara mbili. Mashine inanguruma. Dakika tano, kumi, ishirini, haikati. Waliobeba hubaki kuitazama tu.

Mashine hiyo haikuwa na ugonjwa, ilikuwa na njaa. Na kilichoinyima chakula kimebaki gatini ndani ya boti: tangi, paipu, na pampu ya mkono iliyo katikati yake.

Hapa Lamu jambo hili tunalichukulia kwa uzito. Anayevuka kutoka Mokowe kuja mjini mashine ikamzimikia, hakosi wa kumvuta. Lakini aliyeko nje ya mlango wa Shela kusi likivuma, au aliyebeba abiria wa Faza akiwa katikati ya Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yanapwa, huyo yuko hatarini yeye na watu wake. Isitoshe, mashine za stroki mbili, zile za kuchanganya oili, hupata oili kupitia petroli hiyo hiyo. Mafuta yakipungua, na oili imepungua. Ukiilazimisha ikimbie kwa nguvu huku ina njaa, pistoni hupata moto, hukwaruza silinda, na mwisho hugandama. Tatizo la klipu moja iliyolegea linageuka kuwa gharama ya kufungua mashine nzima.

Kwa hiyo tunaomba kila nahodha ajue kuisoma pampu ya mkono. Kabla ya kuwasha, ishike wima, mshale uelekee juu, upande wa mashine, kisha bonyeza taratibu mpaka iwe ngumu. Ikikataa kabisa kuwa ngumu, kuna hewa inayoingia mahali fulani, au vali zake za ndani zimechoka, au sindano ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haifungi na petroli inamwagika mbele. Hilo la mwisho utalijua kwa harufu na kwa matone chini ya kabureta. Mashine ikishaanza kazi, pampu kulegea kidogo ni kawaida. Kubonyea ikawa bapa kama embe lililonyonywa si kawaida: mashine inavuta na mafuta hayaji. Kizuizi kiko nyuma, upande wa tangi. Na kama pampu ni ngumu kabisa lakini mashine bado inakata, basi tazama mbele: filta ndogo ya kwenye mashine, au kabureta.

Kuna dalili nyingine ambayo ni nzuri kuikumbuka ukiwa baharini. Mashine inapoanza kufa, bonyeza pampu kwa mkono. Ikifufuka na kukimbia, ikafa tena ukiacha, umekwisha kujua kwamba moto wa plagi upo na shida ni mafuta. Huenda dayaframu, ile ngozi nyembamba ndani ya pampu ya mashine yenyewe, imetoboka, au hewa inaingia njiani. Ukibonyeza hivyo kila mara utafika nyumbani, mwendo wa polepole.

Kizuizi cha upande wa tangi tunachokutana nacho sana ni skrubu ya hewa juu ya kifuniko. Mabaharia huifunga jioni ili maji yasiingie, na hufanya vizuri. Asubuhi haifunguliwi. Mashine inakwenda kama robo saa, tangi linakosa hewa ya kujaza nafasi ya mafuta yaliyotoka, mafuta yanagoma. Ukifungua kifuniko utasikia hewa ikifyonzwa "fsss". Iache skrubu wazi, bonyeza pampu, endelea na safari.

Paipu ndiyo inayowadanganya watu zaidi. Nahodha mmoja kutoka Kizingitini alituletea mashine mara mbili kwa tatizo lilelile: mwendo wa taratibu sawa, akifungua moto wote inakufa. Alikuwa amekwisha badilisha plagi na kusafishiwa kabureta kwingine. Tulimwomba arudi na paipu yake. Kwa nje ilikuwa nzima, haina hata ufa. Tukaipasua kwa kisu kwa urefu wake. Karibu na kiungo, ngozi ya ndani ilikuwa imebambuka na kuning'inia kama ulimi. Mafuta yakipita polepole, ulimi unalala. Mashine ikivuta kwa nguvu, ulimi unainuka na kuziba njia. Aliushika mkononi kwa muda mrefu bila kusema neno. Jua letu na petroli hula mpira kutoka ndani na nje, kwa hivyo paipu iliyokakamaa au inayonata mkononi usiisubiri ipasuke. Na unaponunua mpya, chukua ya mafuta. Paipu ya maji ya bustani, hata ukiikaza kwa klipu nzuri, petroli itaiyeyusha.

Sasa mafuta yenyewe. Petroli yetu huvuka maji kwa madumu, na dumu likikaa gatini siku ya mvua, kifuniko hakikukazwa, maji yameingia. Tangi lililoachwa nusu miezi ya kusi nalo hutoa jasho ndani, na jasho hilo huteremka chini kabisa, pale bomba la kufyonzea linapoanzia. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 750, ya maji ni 1,000, ndiyo maana maji hutangulia kuingia kwenye mashine. Chota mafuta ya chini ya tangi, yatie kwenye chupa safi ya kioo, yaache dakika kumi. Ukiona mstari na kitu kinachotembea chini yake kama shanga, ni maji. Kitambaa cha leso kwenye faneli huzuia mchanga, maji hakizuii. Filta ya kutenganisha maji, yenye kikombe cha chini unachoweza kukifungua na kumwaga, ni kifaa ambacho tungependa kukiona kwenye kila boti inayobeba watu.

Kabureta tunaiacha mwisho. Petroli iliyolala ndani yake wiki nyingi huacha utomvu unaoziba tundu za jeti, zile ndogo zinazopitisha petroli. Tafadhali usizichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka hata kidogo, mchanganyiko umeharibika na hautarudi. Tunazisafisha kwa dawa na upepo wa kompresa. Na kama boti itapumzishwa, chomoa paipu huku mashine inawaka ndani ya maji, iache imalize mafuta ya ndani yenyewe.

Kazi yoyote ya mafuta, fanya boti ikiwa na upepo, bila sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kujificha kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti.

Ukifika kwetu, jambo la kwanza tunalofanya ni kuendesha mashine yako kwa tangi letu. Ikikaa sawa, hatuigusi, tunageukia vitu vyako. Tunaunga kipande cha paipu ya kuonyesha ndani ili tuone kama mapovu yanapita, tunakagua viungo na mipira yake midogo, tunafungua bomba la kufyonzea. Hata nyumbani unaweza kulifanya hilo la kwanza: azima tangi na paipu ya jirani, ujaribu. Kama mashine yake si ya oili ya kuchanganya, usitumie mafuta yake hivyo hivyo. Kwa mashine za uwiano wa 50 kwa 1, lita 20 za petroli hutiwa mililita 400 za oili, na kopo liwe limeandikwa TC-W3, alama ya oili ya mashine za boti za stroki mbili.

Kwa hiyo, nahodha, unapoipandisha mashine begani kuja kwetu, mwenzako na abebe tangi na paipu. Na mafuta yaliyomo usiyamwage, tutayahitaji.