Kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili mliopokea vishikwambi

Wanangu walimu,

Vishikwambi 10 vimefika na watoto mnao 60. Kabla ya kumkabidhi mtoto yeyote, fungueni somo la herufi, mtege sikio. Kikitamka "ei, bii, sii", hicho hakifai kufundishia kusoma Kiswahili. Mtoto wetu husoma kwa kuunganisha sauti ya b na ya a akapata ba. Aliyezoeshwa kwamba b ni "bii" ataandika "bb" akikusudia "bibi", nanyi mtadhani ni mzito wa kuelewa. Programu za Kiswahili zipo: Kitkit School na onebillion, zilizogawana ushindi wa XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia, mwaka 2019 baada ya kujaribiwa vijijini mkoani Tanga, ziliundwa zitumike bila intaneti.

Watoto sita kwa kifaa kimoja ni vurugu. Gawanyeni darasa: 30 waandike kwenye daftari, 30 washike vifaa, watatu watatu, kisha wapokezane. Kipindi cha dakika 30 kinatoa dakika 12 kwa kila kundi. Zinazobaki huliwa na kugawa na kukusanya. Kila dakika nne mshikaji abadilike, la sivyo mwenye mkono mwepesi hukihodhi.

Tena, watoto ni wajanja. Hugusa kila jibu mpaka kifaa kipige makofi, na alama zikapanda bila mtu kusoma neno. Dawa ni kuandika jibu kwanza, ndipo waguse. Baadaye andikeni maneno yaleyale ubaoni, bila picha, wasome. Na kidole kwenye kioo hakifundishi kushika penseli, kwa hiyo daftari libaki palepale.

Umeme upigieni hesabu mapema. Vifaa 10 vyenye betri ya 5,000 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) vinahitaji takribani wati-saa 250 ukijumlisha unaopotea njiani. Paneli ya sola ya wati 50 haitamudu kila siku. Tafuteni ya wati 100. Waya achomeke mwalimu, maana tundu la chaji ndilo huharibika upesi.

Wapo walimu wakuu wanaovifungia kabatini visivunjike. Huko ndiko vinakofia: betri iliyoisha kabisa ikikaa miezi huenda isiamke tena. Likizo ikifika, viacheni na chaji ya nusu, mvizime, mviweke mbali na joto la bati, na katikati ya likizo mtu apite kuvichaji.