Kifua kikuu kwa watoto: makohozi yamo tumboni

Mhariri,

Mtoto mdogo hatemi makohozi, huyameza. Kumpa kikopo na kumsubiri ateme ni kupoteza asubuhi nzima. Yafuatwe tumboni: mrija mwembamba upitishwe puani alfajiri, kabla hajainuka kitandani wala kula, maana akishaamka tumbo huanza kujimwaga. Asidi ya tumbo nayo huua bakteria; sampuli isipofanyiwa kazi ndani ya saa 4, itiwe bikaboneti ya sodiamu ya kuizima asidi hiyo.

Mrija unamtesa mtoto, tunakiri. Basi kichukuliwe kinyesi, maana makohozi yaliyomezwa hufika humo; kisiwe cha kuhara. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu. Watoto wana bakteria wachache, hivyo jibu hasi lisimnyime dawa mwenye dalili.

Wahudumu wa afya ya watoto